Swali la Tisa kwenye Fomu ya Nyumba

Kila fomu ina swali moja linaloua. Mengine yote ni salamu tu. Jina lako, jina la baba, umeoa, una watoto wangapi: hayo ni kama habari za asubuhi, unajibu unapita. Halafu katikati, bila kelele, limekaa lile moja. Mimi nilikaa dirishani kwenye ofisi ya nyumba hapa Moshi miaka kumi na saba nikipokea fomu za watu waliotaka nyumba za bei nafuu. Ninyi mlioanza kazi juzi, mnaonijia na soda mkiniuliza, "Bibi Ruthi, zamani ilikuwaje?", nawaambia kwamba zamani swali linaloua lilikuwa la tisa.

Mtacheka kidogo hapa mwanzoni, baadaye mtanichukia. Msijali, mimi mwenyewe nimeshaanza kujichukia siku nyingi.

Mradi ulikuwa hivi. Miaka michache baada ya Azimio la Arusha, serikali ilijenga nyumba ndogondogo pembeni mwa mji, upande wa Shirimatunda. Vyumba viwili, sebule, jiko na choo nje, bati jipya linalong'aa mpaka unaliona ukiwa barabarani. Mfanyakazi wa kima cha chini anaingia, mshahara wake unakatwa kidogo kila mwezi, na miaka ikitimia nyumba inakuwa yake. Sikilizeni hilo neno: yake. Si ya mwenye nyumba anayegonga mlango kila mwisho wa mwezi, wala si ya kiwanda ambacho ukizeeka unatolewa nje na sufuria zako. Watu waliokuwa wanalala sita chumba kimoja kule Njoro na Majengo walilisikia neno hilo wakavaa viatu wakaja. Nyumba zilikuwa chache. Foleni ilizunguka jengo, na mkia wake ukakutana na kichwa.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Mfaume, mtu wa Tabora, mfupi, mpole, anayevaa kofia ya kushonwa kwa mkono hata ndani ya ofisi. Ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya kabati la chuma lenye droo nne akaniambia, "Binti, makarani wako wa aina mbili. Kuna anayepoteza karatasi na asiyepoteza. Anayepoteza ana marafiki wengi. Wewe uwe huyu wa pili." Akaongeza, "Na kalamu yako isiguse fomu ya mwananchi. Ukimwandikia neno moja leo, kesho atasema wewe ndiye uliyemwandikia uongo."

Nikayashika yote mawili kama Amri za Mungu. Laiti ningekuwa mzembe, jamani. Laiti Mungu angenipa uvivu kidogo tu.

Mambo ya dirishani yalikuwa na vichekesho vyake. Palikuwa na mpiga picha mmoja mjini aliyekuwa na koti moja jeusi na tai moja ya mistari kwa ajili ya wateja wake. Kila anayetaka picha ya fomu anavalishwa. Mzee Mfaume alikuwa akipekua fomu anatikisa kichwa, "Ruthi, hili koti limeomba nyumba mara ishirini. Tulipatie tu, watu wengine wapumue." Kuna mzee kutoka Kahe aliyeandika kwenye nafasi ya kazi: "Ndiyo, napenda." Kuna kijana aliyehesabu watoto akaweka na wa tumboni, na pembeni akaandika "huenda pacha." Tulimrudishia asahihishe, akakataa, na pacha kweli wakaja.

Humo humo nikajifunza kazi. Nilijifunza kwamba mtu ajaze kwanza kwa penseli, kisha kwa wino. Kwamba jina lako liwe moja tu: usiwe Aloisi kwenye fomu, Luis kwenye kadi ya kiwanda na Baba Manka kwa balozi wako wa nyumba kumi, kwa sababu huko juu watakuhesabu watu watatu na wote watatu wakose. Kwamba usiweke sahihi kabla hujajaza. Na kwamba kabla ya kuandika neno lolote, umuulize karani: ni swali lipi hapa linaloniondoa? Karani anajua. Karani anajua siku zote. Akinyamaza, mwangalie usoni.

Sasa swali lenyewe. Lilisema: "Je, mwombaji anamiliki nyumba, kiwanja au shamba mahali popote? Kama ndiyo, eleza." Aliyelitunga alikuwa na nia njema, simlaumu. Mwenye navyo awapishe wasio navyo, ndiyo siasa yetu ya wakati ule, na niliiamini. Wafanyakazi wa mashamba ya miwa waliotoka mikoa ya mbali, Singida, Iringa, Kigoma, walifika hapo wakaandika "Hapana" upesi upesi, wakaenda swali la kumi. Wengine walikuwa wameacha ardhi kubwa kwao, lakini nani atakwenda kuipima?

Mchagga alikwama hapo. Ukimuuliza Mchagga wa miaka ile kama ana kihamba, hukumuuliza habari za ardhi. Umemuuliza kama ana baba. Kihamba ndipo migomba ya babu ilipo, ndipo makaburi yalipo, na kitovu chako kimefukiwa hapo. Kuandika kwa mkono wako mwenyewe "sina", tena kwenye karatasi ya serikali, ni kama kusema umeokotwa njiani. Na wapo waliokuwa hawana kweli! Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa chake, wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, na wa katikati hupewa baraka. Zamani mangi, mtawala wetu, aliwatafutia hao wa katikati sehemu nyingine. Enzi zetu hapakuwa tena na mangi wala sehemu.

Ndugu Elinami alikuwa wa katikati.

Alikuja asubuhi ya Jumanne, amefunga vifungo vyote vya shati hadi kooni. Alikuwa mshona magunia kwenye ghala la kahawa, na nywele zake zilikuwa na vumbi la makapi hata baada ya kuoga. Alikuja na mkewe Monika, Mama Yosefu, mwanamke wa Singida ambaye baba yake aliletwa kukata miwa. Walikuwa na watoto watano na chumba kimoja Njoro, na mwenye nyumba alikuwa ameshawapa taarifa kwamba anamtaka mpangaji mwenye watoto wachache. Hayo yote aliniambia Monika kabla sijauliza. Alipogundua mimi ni wa Masama kama mumewe, akaanza kuniita wifi palepale.

"Wifi, mimi sitaki kitu kikubwa," aliniambia. "Nataka mlango ambao nikiufunga hakuna mtu wa kuniambia nihame. Basi."

Elinami akajaza taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule. Alipofika swali la tisa akasimama. Akanyoosha mgongo. Akaandika: "Ndiyo. Ninacho kihamba, Masama."

Monika, aliyejua kusoma vizuri kuliko yeye, akainama. "Kihamba gani, Baba Yosefu? Kile cha Ndesario?"

Ndesario alikuwa mdogo wake wa mwisho, mrithi wa nyumba ya baba yao.

"Nyamaza," Elinami akasema.

"Si unaenda pale kama mgeni? Si unapewa ndizi na kushukuru? Mficha uchi hazai, Baba Yosefu. Andika huna, tupate nyumba."

Foleni nzima ikageuka. Wanaume wa Kibosho, wa Uru, wa Machame, wote wakamtazama Elinami kuona atafanya nini. Na mimi niko pale dirishani, karani, Mchagga, binti wa Masama, ninayejua kwamba lile neno "Ndiyo" linamwondoa. Nilijua! Wiki iliyotangulia kamati ya kugawa nyumba ilikuwa imewakata watu saba kwa neno hilo hilo. Nilitakiwa kusema, "Kaka, sikiliza mkeo." Maneno matatu. Lakini mimi binti mdogo nimwambie mwanamume wa kwetu, mbele za watu, aandike hana kwao? Nilimwonea aibu. Tena niwaambie ukweli, nilijisikia fahari. Nikampa Monika jicho la kumwambia huyu mgeni hajui mila, nikasema, "Mwache, wifi. Mwanamume hawezi kukana kwao."

Nikagonga mhuri.

Majibu yalitoka baada ya miezi miwili. "Mwombaji ana shamba. Awapishe wasio nalo." Niliwasomea mwenyewe. Monika alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akavishika mkononi, akatazama sakafu. Elinami akawa anaikunja barua na kuikunjua.

Mzee Mfaume ndiye aliyetuonyesha njia. "Akate rufaa. Alete barua ya balozi wa kwao na wazee wa ukoo kwamba hana kihamba. Ana wiki mbili." Kwake yeye lilikuwa jambo jepesi. Kwao Tabora ukitaka shamba unafyeka pori. Aliniona uso umenibadilika akauliza, "Kwani vipi? Si karatasi tu?"

Jumamosi nikaenda nao Masama. Hakuna aliyenituma, ni dhamiri tu ilikuwa imeanza kuniwasha. Tulipanda mlima kwa miguu tokea njia panda, Monika amebeba kilo mbili za sukari na doti ya kanga, kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ndiye baba yao mdogo, Mzee Ndelilio, mtu wa kanisani, mwenye sauti ya chini. Tulimpa shikamoo wote watatu. Ndesario akatoka mbio kutoka kwenye migomba, akamkumbatia kaka yake, akaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, mkewe akaanza kumenya ndizi. Hivyo ndivyo tulivyopokewa. Nasema hivi ili msije mkadhani walikuwa watu wabaya.

Nikaisoma ile barua niliyoitayarisha. "Mimi balozi nathibitisha kwamba Ndugu Elinami hana kihamba wala sehemu yoyote ya ardhi katika ukoo huu."

Ndesario akaweka kibuyu chini.

"Kaka," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, "mimi nimekufukuza lini? Unataka serikali iandike kwamba nimekunyang'anya?"

"Sijasema hivyo," Elinami akajibu.

"Imeandikwa hivyo."

Mzee Ndelilio akanigeukia mimi. "Binti, wewe ni wa hapa hapa. Mtu kwao. Kitovu cha huyu kiko chini ya mgomba ule pale. Mimi niweke sahihi kwamba hana? Nikifa nitamwambia nini baba yake?"

"Basi mkatieni kipande, baba," nikasema. "Hata migomba kumi. Akishakuwa nacho kweli, hatutadai barua."

"Kihamba hiki babu yetu alikiacha kizima. Baba yao akakigawa mara mbili. Tukikikata tena kitakuwa kitalu cha mchicha. Ndesario ana watoto wanane." Akakohoa. "Elinami ana kazi mjini. Akija hapa anakula, analala, hakuna anayemzuia. Hapa ni kwake."

"Kwake anajenga wapi, baba?" Monika akauliza.

Ndesario akaokota kibuyu akatumiminia tena. Walikuwa wanampenda Elinami sana kiasi cha kushindwa kuandika kwamba hana, na ardhi ilikuwa finyu kiasi cha kushindwa kumpa. Mpaka leo nikilifikiria jambo hili nachoka. Tungempata hata mtu mmoja wa kumkasirikia, ingekuwa nafuu.

Tulishuka jioni na mkungu mkubwa wa ndizi, maziwa kwenye kibuyu, kuku mmoja na maharage. Walitupa kila kitu isipokuwa sahihi. Njiani Monika alicheka peke yake, kicheko kibaya, akaniambia, "Wifi, baba yangu kule Singida alikuwa na ardhi mpaka unachoka kutazama. Nikajiona nimebahatika, nimeolewa na watu wa kahawa." Elinami alikuwa mbele na mkungu begani. Alisikia, hakugeuka.

Wiki mbili zikapita. Nyumba zikagawiwa. Walihama Njoro wakapata chumba Pasua, chenye paa linalovuja upande wa kitanda.

Ngoja ninywe maji. Sehemu inayofuata ndiyo niliyowaitia.

Miaka ikaenda. Vita vya Uganda vikaja vikaisha, sukari ikawa ya mgao, sabuni ya mgao, saruji ndiyo usiseme. Mzee Mfaume akastaafu akarudi Tabora, akaniachia ufunguo wa lile kabati. Aisee, lile kabati! Ofisi nyingine zote karatasi zilikuwa zinaliwa na mchwa au zinafungiwa vitumbua. Kwangu ungenitajia jina la mwombaji wa miaka kumi nyuma, ningekuwekea faili mezani kabla hujamaliza kupiga chafya. Wakaguzi walikuja wakanisifu. Nilikuwa natembea nimeinua shingo.

Ndipo zikatangazwa nyumba za mwisho. Chache mno, zilizosimama miaka mingi bila bati, hatimaye bati likapatikana. Elinami akaja. Mara hii alikuja peke yake. Alikuwa amekonda, na kikohozi cha makapi ya kahawa kilikuwa kimemkalia kifuani. Hakusalimu wala kuuliza habari za nyumbani. Alichukua fomu, akaenda pembeni, akajaza kwa penseli kwanza, kama nilivyokuwa nawafundisha watu. Akarudi kuniomba kalamu.

Swali la tisa lilikuwa lile lile. Nilimwona akilisoma. Akaandika: "Hapana. Sina kihamba." Halafu akaisukuma ile karatasi kwangu upesi, kama mtu anayerudisha kitu kichafu.

"Safari hii imepita, kaka," nikamwambia. Nilifurahi kweli.

"Monika ndiye alitaka niandike hivi toka zamani," akasema. "Nimechelewa miaka kumi na mbili."

Akaenda. Nami nikafanya kazi yangu. Nilifungua kabati, droo ya kwanza, nikatoa fomu yake ya zamani, ile yenye mhuri wangu, nikaibana kwa pini nyuma ya hii mpya.

Hakuna aliyeniamuru. Mkuu mpya wa kazi hata hakujua kwamba fomu zile za zamani bado zipo. Nilifikiri hivi: kamati wakiona mtu huyu ameomba siku nyingi, watamtanguliza, maana aliyetangulia kuomba hufikiriwa kwanza. Hiyo ndiyo nia niliyokuwa nayo, na Mungu ananisikia. Lakini kulikuwa na kitu kingine nacho. Nilitaka waone kwamba kwa Ruthi hakuna kinachopotea. Sikuzisoma zile karatasi mbili pamoja. Karani niliyejisifu kujua swali linaloua, nililibana mwenyewe kwa pini.

Kamati ikaandika kwa wino mwekundu: "Mwombaji alikiri kuwa na shamba, sasa anakana. Mdanganyifu. Asifikiriwe tena."

Alipokuja kuchukua majibu nilimpa barua bila kumtazama. Aliisoma mara mbili. Nikatarajia atafoka, na nilitamani afoke, anitukane, avunje kioo cha dirisha. Akauliza tu, kwa upole, "Dada, ile karatasi ya mwanzo, kumbe ilikuwepo?"

"Karatasi zote tunazitunza," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya kushangaza kidogo. "Kwa hiyo siku ile niliposema ninacho, wakasema kweli unacho. Leo nimesema sina, wakasema mwongo." Akacheka, kikohozi kikamshika, akashika ukingo wa dirisha hadi kikaisha. "Haya, dada. Asante kwa kazi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, ni mimi. Sikusema. Nilimwita anayefuata.

Hakumaliza miaka miwili. Alikufa kipindi cha mvua za masika, kwenye kile chumba cha Pasua, na godoro limesogezwa katikati kwa sababu ya kuvuja. Tukampeleka Masama. Ndesario alilia mpaka akashikiliwa. Kaburi lilichimbwa kihambani, karibu na mgomba ule wa kitovu chake, na Mzee Ndelilio, aliyekuwa ameshakuwa kipofu, akashikwa mkono akasimama mbele za watu akasema, "Mtoto wetu amerudi kwake."

Monika alikuwa amesimama karibu nami, amejifunga kanga kichwani. Alisema polepole, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Sasa anacho."

Yeye hakubaki kule. Nafasi ya kaburi ilikuwepo, ya kitanda haikuwepo. Akarudi mjini na watoto, akawa anauza maparachichi na ndizi za kuiva karibu na stendi. Mwaka ule ule nikaacha kazi. Walidhani naumwa. Nilikuwa kila nikifungua ile droo ya kwanza mikono inakataa.

Ninyi mliozaliwa mjini labda mmeona tu ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, sale. Sale ndiyo huonyesha cha huyu kinaishia hapa na cha yule kinaanzia hapa. Na ina kazi ya pili. Ukimkosea mtu kosa kubwa, kosa ambalo mdomo hauliwezi, unakata sale unampelekea. Akishaipokea hana ruhusa ya kukataa. Lazima akusamehe, hata kama ulimuua ndugu. Mimi nilikwenda Masama, nikakata chipukizi kwenye mpaka wa kihamba cha Ndesario, nikaifunga kwenye jani la mgomba nikashuka nayo hadi Pasua.

Nilimkuta Monika anapanga maparachichi kwenye beseni, mabichi chini, makomavu juu. Aliiona ile sale kabla sijafungua mdomo. Mke wa Mchagga miaka yote hiyo, aliijua. Akanyanyuka akajifuta mikono.

"Wifi, umenikosea nini wewe?"

Nikamwambia. Nilianza na lile jicho nililompa siku ya kwanza, nikaja kwenye mhuri, nikamalizia na pini. Nilisema yote nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kukaa. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yangu.

"Wewe ndiye uliyeibana?"

"Ni mimi."

"Ungeiacha kabatini, tungepata?"

"Mngepata."

Mtoto wa jirani alikuja kununua ndizi, Monika akamuuzia, akamrudishia chenji. Halafu akanyoosha mkono akaipokea sale.

"Nimekusamehe," akasema. "Mila yenu hainipi nafasi ya kukataa, na sina nguvu za kukuchukia, nina watoto wa kulisha." Akaigeuza geuza, akashika kile kikonyo chini kinachotoa mizizi. "Lakini hii hupandwa mpakani, wifi. Mimi nitaipanda wapi?"

Nilitazama huku na huku kwenye ule ua, uliokuwa wa mwenye nyumba kuanzia ukuta mpaka ukuta. Monika naye akautazama. Mwishowe akaingia ndani akatoka na kopo tupu la mafuta ya kupikia, akachota udongo pembeni ya mfereji, akaichomeka humo.

Ilishika. Sale haifi kirahisi. Alihama Pasua akaenda Majengo, akahama Majengo akarudi Njoro, nyumba ya watu hii na nyumba ya watu ile, na kila alipohama kopo lile lilikwenda naye, likawekwa mlangoni. Mara ya mwisho nilimkuta barabarani anahama tena, godoro, meza na sufuria viko kwenye mkokoteni, yeye anafuata nyuma kwa miguu amelibeba kopo kifuani, na sale imeshamfika usawa wa uso. Nilimpokea kopo, nikambebea.